Mlango wa Ghala Usiosukumika



Katika ukaguzi wa ghala hutazamwa magunia, kisha mzani, kisha vitabu. Mlango huja mwisho, na mara nyingi hautazamwi kabisa ilimradi kufuli linafunga. Makala haya yanahusu mlango wa chuma unaosukumwa pembeni kwa magurudumu juu ya reli, kwa vyama vyenye ghala la namna hiyo.

Mji wa Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, nayo aghalabu hutoka ziwani usiku au alfajiri pamoja na upepo, saa ambazo mlinzi yuko peke yake. Kahawa ya maganda iliyokauka vema hunyonya unyevu upesi, na gunia likilowa upande mmoja, ukungu huanza ndani kabla haujaonekana nje. Shirika la Kimataifa la Kahawa, katika azimio lake namba 420 la mwaka 2004, lilipendekeza kwamba kahawa safi inayouzwa nchi za nje isizidi unyevu wa asilimia 12.5. Magunia yaliyolowa mlangoni yakichanganywa na makavu, hasara haimwangukii mtu mmoja. Hugawanywa kwa wanachama wote, pamoja na yule mama aliyeanika debe lake moja kwa uangalifu na kulianua kila wingu lilipotanda.

Ni lazima kwanza kufahamu kwamba mlango huu hausimami chini. Uzito wake wote unaning'inia juu, katika magurudumu mawili. Bamba la chuma lenye unene wa milimita 2 lina uzito wa takriban kilo 16 kwa kila mita ya mraba. Basi mlango wa mita 2.5 kwa 3 unafikia kilo 120 kabla ya kuhesabu fremu yake. Mfereji wa chini kazi yake ni kuuongoza tu, upepo usiupeperushe. Kwa hiyo mlango unapokuwa mzito, safisha mfereji, lakini usiishie hapo. Panda ngazi utazame juu.

Huko juu utakuta, mara nyingi kuliko sababu nyingine yoyote, tope gumu jeusi. Hilo ni vumbi la maganda ya kahawa lililogandana na mafuta. Imekuwa desturi kwamba mlango ukilalamika, mtu hutumwa kumwagia reli oili chafu ya gari. Kwa siku mbili mlango huteleza vizuri, na kila mtu husifu. Siku ya tatu vumbi limeshika, na baada ya mwezi mlango ni mzito kuliko awali. Zaidi ya hayo, oili hudondoka juu ya magunia, na kahawa hushika harufu upesi mno. Mwonjaji huitambua harufu ya mafuta hata ikiwa kidogo. (Nimekuta pia mafuta ya kupikia yametumika. Sisimizi walikuwa wameshukuru.) Reli isuguliwe kwa brashi ya waya, ifutwe kwa kitambaa kikavu, kisha iachwe kavu. Grisi mahali pake ni ndani ya beringi za magurudumu, basi. Gurudumu linalokwaruza, au lililolika upande mmoja kwa kuburutwa bila kuzunguka, halitengenezeki. Yabadilishwe yote mawili kwa pamoja, maana jipya likiwekwa na kuukuu mlango utainama.

Mlango ulioinama ni shauri jingine. Iwapo pembe moja inagusa sakafu, tumia timazi na pimamaji kabla ya kushika spana. Ikiwa reli imelala sawasawa, basi nati za vishikio ndizo zilizolegea. Zikazwe robo mzunguko kila mara, huku mlango umeegemezwa kwa magogo imara. Lakini ikiwa reli yenyewe imeinama, kosa si la mlango, ni la ukuta. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 lilitikisa Mkoa wetu wa Kagera na kuharibu majengo mengi. Ghala lililokuwapo siku ile litazamwe kwa jicho hilo. Ufa uliopakwa plasta huonekana umepona, kumbe bolti za reli juu yake zimebaki zikishikilia tofali lililovunjika. Paka kipande cha plasta kukatisha ufa, andika tarehe juu yake, ukitazame kila mwezi. Kikipasuka, ukuta bado unatembea, na hapo aitwe mhandisi wa halmashauri. Kumwita mchomeleaji akate ukingo wa mlango ili upite ni kulipa fedha za wanachama kuficha ugonjwa.

Kuusukuma kwa nguvu ndiyo hatari kubwa. Katika chama kimoja, ambacho sitakitaja, vijana sita walitumia mti kama mtaimbo. Kishikio kikakatika na mlango ukaanguka upande wa nje. Waliokoka kwa sababu wote walikuwa ndani. Vizuizi vya mwisho wa reli vikaguliwe pia, maana pasipo hivyo gurudumu hutoka relini bila kutoa taarifa.

Kuhusu maji, funga mlango mchana, simama ndani gizani, utafute mwanga. Kisha mwenzako amwage ndoo ya maji juu ya kifuniko cha reli. Mlango unapaswa kuupita ukuta kwa sentimita 10 kila upande. Pengo lililobaki lizibwe kwa ukanda wa mpira uliofungwa kwa bolti ndogo. Matundu ya kutolea maji katika mfereji wa chini yazibuliwe.

Kazi hii ifanyike mwezi wa Februari, kabla ya masika na kabla ya msimu kufunguliwa, na Katibu aiandike katika daftari la ghala pamoja na gharama zake. Chama ambacho hakijapata fedha za magurudumu kiweke magunia juu ya chaga, mita mbili kutoka mlangoni, na turubai litundikwe upande wa ndani wa mlango. Lisifunike magunia yenyewe, kwani mvuke hunaswa chini yake na kahawa hulowa bila mvua.