Homoni ya Asumini Kitaluni

Mwaka 1962 wanakemia walitenga kutoka mafuta ya asumini kiini kimojawapo cha harufu yake, kiitwacho methili jasmonati. Kwa wapenda vikuba habari ingeishia hapo. Baadaye, hata hivyo, ilidhihirika kwamba kiini hicho ni homoni: jani litafunwapo na mdudu, mmea hutengeneza homoni za jamii hiyo ili kuamsha ulinzi wake.

Je, mche waweza kuamshwa kabla adui hajafika? Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba miche ya msprusi wa Ulaya, mti wa ukoo wa msonobari, ikitiwa homoni hiyo huistahimili zaidi Pythium, kiumbe mfano wa kuvu kiletacho kinyaushi, ugonjwa uozeshao shina changa usawa wa udongo. Kwenye shina lililokwisha komaa kidogo, homoni hiyo hiyo huchochea mifereji mipya ya utomvu.

Lakini ulinzi una gharama. Chakula kinachotengeneza utomvu hakirefushi shina. Mche uliozidishiwa homoni hudumaa, na mche mfupi husongwa na magugu. Kazi ngumu ya bwana miti ni kupata kiasi kinachouamsha mche bila kuudumaza, na kiasi hicho hutofautiana toka aina moja ya mti hadi nyingine.