Daladala: Nauli Iliyogeuka Jina

Mkazi wa Mbweni, Dar es Salaam, anayekwenda mjini hupanda daladala, na jina la chombo hicho lilianza kama bei. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam, kwani shirika la umma, UDA, lilikuwa limezidiwa. Nauli ilikuwa shilingi 5, na shilingi 5 mitaani ziliitwa "dala".

Dala hiyo ni dola. Hadi Septemba 1949 pauni moja ya Uingereza ilibadilishwa kwa dola 4.03 za Marekani. Pauni ilikuwa na shilingi 20, hivyo dola moja ilikaribia shilingi 5. Asili ya mbali zaidi ni Joachimsthal, mji wa machimbo ya fedha huko Bohemia. Sarafu zilizofuliwa huko kuanzia takriban mwaka 1520 ziliitwa Joachimsthaler, jina likafupishwa kuwa thaler, na humo ndimo ilimotoka dola.

Ugeni wa neno unaishia kwenye mzizi. Muundo wake ni wa Kiswahili kabisa.

Kiswahili hurudia neno la kiasi kuonyesha kuwa kila mmoja anatoa au anapata sawa na mwenzake: "wape watoto maembe mawili mawili", "changeni elfu elfu". Kwa sarufi hiyo, "dala dala" ni dala moja kwa kila abiria. Maneno mawili yalipoungana, mkazo nao ulibadilika. Katika "dala dala" kila neno lina mkazo wake. Katika "daladala" mkazo mkuu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kwa maneno mengi ya Kiswahili.

Nairobi nako nauli ilizaa jina. Matatu huelezwa kuwa ni mabaki ya "mapeni matatu", yaani senti 30 za zamani. Nomino ilidondoka, kikabaki kivumishi chenye kiambishi ma-, ambacho leo hutaja hata gari moja.

Daladala haijatulia katika ngeli moja. Wapo wasemao "daladala imejaa", wingi "daladala zimejaa". Wengine husema "daladala limejaa, madaladala yamejaa", wakiliweka kundi moja na gari na basi. Kituoni matumizi yote mawili husikika, na abiria wanaelewana.