Naolewa Desemba, na Jina Langu Linaanza na 'Baba'

Hivi umeshawahi kusoma orodha ya waliochaguliwa kujiunga na chuo, ukafika kwenye herufi S, ukakuta majina yanayoanza na She- yamepangana utadhani ni ya familia moja? Shekilindi, Shekifu, Shemdoe, Shellukindo. Ukiona hivyo usipoteze muda kuuliza mtu katokea wapi. Huyo ni wa Tanga, na ukisema kwao ni Lushoto, Bumbuli au Korogwe, mara nyingi umepatia.

Na mimi nimo. Jina langu kamili siliandiki hapa kwa sababu shangazi zangu wanalisoma gazeti hili, na mada yenyewe ni ya ukoo mzima. Naolewa Desemba mwaka huu. Mchumba wangu ni Mchaga wa Machame, na jina lake la ukoo ukilitamka tu Moshi nzima inajua kwao ni kitongoji gani. Tumeelewana kuhusu ukumbi, idadi ya wageni, hata nani asikabidhiwe kipaza sauti. Tumekwama kwenye kitu kimoja: nikishaolewa nitaitwa nani?

Yeye hajanilazimisha, tuseme ukweli. Ila mama yake alishaanza kuniita kwa jina la kwao kabla hata posa haijajibiwa, na baba yangu, ambaye Mungu amempa mabinti watupu, anasikia na ananyamaza. Kimya cha baba ndicho kilichonifanya nianze kuuliza hili jina limetoka wapi hasa.

She- maana yake nini?

Kisambaa kinasema wazi: She- ni 'baba wa'. Basi. Ni kama sisi wote mtaani tunavyosema Baba Asha au Baba Juma, badala ya kumtaja mtu mzima kwa jina lake la utotoni. Mwanamume akipata mtoto anapata na heshima, na jina linabadilika kuonyesha hiyo heshima.

Majirani zetu Wazigua wao husema Se-. Jamii hizi za Wasambaa, Wabondei, Wazigua na Wanguu zina mzee mmoja wa masimulizi, Seuta, yaani 'baba wa uta', mtu wa upinde. Hata wataalamu wa lugha walipotafuta jina la kuziita lugha hizi nne kwa pamoja, walichukua hilohilo la Seuta. Wasambaa humwita Sheuta. Kwa hiyo h moja inaweza kukuambia mtu ni wa mlimani au wa tambarare, ingawa usiitegemee sana. Makarani wa zamani walikuwa wakiandika walivyosikia.

Sasa angalia jambo lenyewe lilivyo. Waingereza wana Johnson, mwana wa John. Huko mtoto anatambulishwa kwa baba yake. Kwetu ni kinyume: baba ndiye aliyetambulishwa kwa mtoto. Halafu ikapita miaka, jina la heshima la mzee mmoja likaganda, likawa la watoto, la wajukuu, la vitukuu, na leo mimi binti wa miaka 30 na ushee nasaini barua za ofisi kama 'baba wa' mtu ambaye sijawahi kumwona.

Tulipokwenda kumsalimia babu, ile barabara ya kona kutoka Mombo kupanda Soni hadi Lushoto, mchumba wangu alimuuliza hilo swali kwa adabu zote. Babu alicheka mpaka akakohoa. "Huyu mke wangu," akasema akininyooshea fimbo, na wajukuu wote mnajua utani huo wa babu, "anaitwa baba na hata ndevu hana."

Mwindaji aliyekuja na nyama

Huwezi kuzungumzia majina ya Usambara ukaruka Wakilindi. Usidanganywe na Kiswahili hapa. Kilindi kwetu watu wa pwani ni maji marefu ya bahari, lakini katika habari hii ni mahali, kule upande wa Nguu. Wilaya ya Kilindi iliyoanzishwa mwaka 2002 imebeba jina hilohilo.

Masimulizi yanasema katika karne ya 18 alitokea Nguu mwindaji mmoja, Mbegha. Alizaliwa akaota meno ya juu kwanza, yaani kigego, mtoto wa nuksi kwa imani za wakati ule, na ndugu zake wakamnyima urithi. Akaenda Kilindi, akapendwa, mpaka siku mtoto wa mkubwa wa pale alipofuatana naye kuwinda na nguruwe mwitu akamuua. Mbegha hakurudi kutoa maelezo. Alikimbia na wenzake na mbwa wake, akapanda milima ya Usambara, akawagawia watu nyama, akaua simba, na Wasambaa wakamfanya mfalme pale Vugha. Ndiyo maana mfalme wetu aliitwa Simba Mwene. Ukoo wake ukaitwa Kilindi, kwa jina la mahali alipopakimbia.

Simulizi hii tunayo kwa maandishi kwa sababu ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyeandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili. Kilichapishwa Magila kati ya 1895 na 1907, kikatolewa tena mwaka 1962. Ukikipata kwenye maktaba, kikalie chini. Kina fitina za kifamilia kuliko tamthilia yoyote ya jioni.

Kilichonigusa mimi ni mpango wa ndoa. Mbegha alioa wanawake wa koo mbalimbali za Usambara, na watoto wao wakapelekwa kutawala kule kwa wajomba zao. Jina lilitoka kwa baba, ila kiti alikipata kwa sababu ya mama. Mtoto wa Kikilindi asingekuwa na nguvu Bumbuli bila ndugu wa mama yake kumkubali. Nilipomsimulia mchumba wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo mjomba ndiye bosi." Nikamwambia ameanza kuelewa.

Mfalme aliyevuma kuliko wote ni Kimweri ye Nyumbai, na wewe unayeishi Dar unalipita jina lake kila siku ukikata barabara ya Kimweri kwenda Msasani. Mmisionari Krapf alifika kwake Vugha mwaka 1848 na tena 1852. Burton na Speke nao walipanda mwaka 1857. Kimweri alifariki mwaka 1862 na kiti kikaenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Hiyo She- unaiona. Baba yake mdogo aliyekuwa Mazinde, kwenye njia ya misafara, hakukubali, na kabla miaka ya 1860 haijaisha alikuwa ameishambulia Vugha. Vitabu vinamwandika Semboja, bila h. Ndugu wa damu, tena kwenye ukurasa mmoja, wana tahajia mbili.

Halafu angalia majina yanavyorudi. Babu yake wa zamani aliitwa Kinyashi, na Wajerumani walipokuja kuitawala milima, Kinyashi mwingine akakaa kwenye kiti. Kimweri amerudi mara kadhaa. Jina la babu linazaliwa upya kwa mjukuu.

Lilivyoganda

Sasa hii She- ya mzee mmoja iligeukaje kuwa ya ukoo mzima? Karatasi, msomaji wangu. Wamisionari wa Bethel walifungua kituo Mlalo mwaka 1891, na kitabu cha ubatizo kinataka jina la mtoto na jina la baba. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani wakaleta kodi ya nyumba, na stakabadhi ya kodi haitaki jina linalobadilika kila mtu akipata mtoto. Baadaye shule, kisha ajira, kisha pasipoti. Mzee aliyeandikwa She- siku karani alipopita, aliwaachia wote waliomfuata.

Tena Wazungu hao walikuwa wepesi kuyagawa majina. Lushoto yenyewe waliiita Wilhelmstal. Lile ua dogo la zambarau ambalo watu wa Ulaya wanalifuga madirishani lilitoka kwenye milima yetu. Afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata likapewa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Mwaka 2015 wataalamu wa mimea wakalihamishia kwenye jenasi nyingine, Streptocarpus. Hata ua limebadilishiwa ubini, na halikuulizwa.

Leo mfumo wetu wa majina matatu unaonyesha historia yote hiyo kwenye mstari mmoja. Chukua Shaban Omari Shekilindi, aliyechaguliwa mbunge wa Lushoto mwaka 2015, na Henry Daffa Shekifu, aliyewahi kuliwakilisha jimbo hilohilo kabla yake. La kwanza linakuambia dini ya nyumbani, la kati ni la baba, la mwisho ni la mlima. Muislamu na Mkristo wanakutana kwenye She-. Nimwongeze na Profesa Riziki Silas Shemdoe, aliyewahi kuwa katibu mkuu serikalini.

Wanawake je? Marehemu Beatrice Shellukindo alikuwa mbunge wa Kilindi kuanzia 2005 hadi 2015, na alifariki 2016. Kwa miaka 10 Spika alimwita kwa jina lenye 'baba' ndani yake na ukumbi haukutikisika. Bumbuli nako hadi 2010 alikuwepo William Shellukindo. Utaona jina hilo limeandikwa kwa l moja mahali pengine, na kwa mbili pengine. Kama nawe una tatizo hilo kwenye vyeti, pole, litakufuata hadi benki.

Ungependa nikupe idadi ya watu wenye She-. Serikali haihesabu majina, na sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya mwaka 1967. Tulichonacho ni watu kwa maeneo: sensa ya 2012 ilikuta wilaya ya Lushoto, Bumbuli ikiwemo, ina watu 492,441, na ya 2022 ikakuta mkoa mzima wa Tanga una 2,615,597. Mashamba milimani ni madogo, yamegawanywa kwa vizazi hadi yamebaki vipande vya miguu ya watu wazima, na ndiyo maana vijana wa She- wapo Tanga mjini, Dar, Arusha na kwingineko. Wengine hawajawahi kupanda Soni. Wamebaki na jina tu, na jina linawasemea.

Sasa, ndoa

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kuchukua jina la mume. Wengi tunadhani inalazimisha kwa kuwa tumeona dada zetu wakibadili. Duniani wamegawanyika. Kule Quebec, Canada, tangu 1981 mke anabaki na jina alilozaliwa nalo. Japani sheria inawataka wanandoa wawe na jina moja la ukoo, na Mahakama ya Juu ya kule iliiunga mkono mwaka 2015 na tena 2021. Kinadharia mume anaweza kuchukua la mke. Kiuhalisia wanaobadili karibu wote ni wanawake.

Kwetu hapa anayetaka kubadili aandae hati ya kubadili jina, kisha aanze kuzunguka. Namba yako ya NIDA ina tarakimu 20, na laini ya simu imesajiliwa kwayo. Akaunti, pasipoti, mkataba wa kazi, vyote vinasoma jina lile. Vyeti vyangu vyote, darasa la saba hadi chuo kikuu, vina She-. Shosti wangu mmoja alibadili baada ya harusi, na mwaka wa tatu bado anatembea na cheti cha ndoa kwenye mkoba ili aeleze kwamba yule na huyu ni mtu mmoja.

Hata hivyo sitaki kujificha nyuma ya foleni. Ingekuwa ni dakika tano mtandaoni, bado ningesita. Nikiliacha, nyumbani kwa baba hakuna wa kulipokea. Na mchumba wangu naye ana hoja: anataka siku moja mlango wa nyumba yetu uwe na jina moja, asiitwe mgeni na watoto wake wakiwa shuleni. Hilo silidharau. Tumeligombania mara mbili, moja tukiwa kwenye daladala, aibu tupu.

Babu ndiye aliyelilegeza. Alimwambia, "Baba, She- hairithiwi kwa kuolewa. Huwa inakuja na mtoto. Huyu akizaa, kwa Kisambaa wewe ndiye utakayeitwa She-, wewe Mchaga." Mchumba wangu aliirudia njia nzima hadi Mombo, akijaribu majina ya watoto ambao hawajazaliwa, She- hii, She- ile.

Tulipofikia ni hapa. Nabaki na jina langu kwenye karatasi zote. Kanisani na kwenye vikao vya ukweni waniite wanavyotaka, nitaitika. Watoto watachukua jina la ukoo wa baba yao. Kwa Wachaga mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama, kwa hiyo jina la baba yangu lina nafasi yake Machame bila mimi kupigana.

Nilimpigia baba kumweleza. Aliuliza kama huyo wa pili akiwa wa kike itakuwaje. Mama mkwe nilimweleza ana kwa ana, tukichambua mchicha. Alisikiliza hadi mwisho, akasema wa kwanza hana mjadala, huyo wa pili tutaongea akishafika.