Mayai Huandikwa Kabla ya Kuanguliwa

Sogeeni, wanangu. Kisiwa cha Maziwe mnakijua, kile cha mchanga mtupu kinachofunikwa maji yakijaa. Kasa wakitaga kule, mayai huhamishiwa huku ufukweni kwetu Ushongo yasije yakaharibika. Mlinzi wa viota akiyafukia huandika kwanza: mangapi, tarehe gani. Baada ya miezi kama miwili kiota hufukuliwa, maganda yakahesabiwa. Lau angengoja vitoto vitoke ndipo aandike, nani angemzuia kudai kwamba hakuna yai hata moja lililoharibika?

Wapo wataalamu wanaopima kitu kigumu kuliko mayai: moyo wa mtu. Ndio wanasaikolojia. Furaha haina ganda la kuhesabu. Mtafiti anaweza kuuliza maswali ishirini, akachapisha lile moja lililompendeza, mengine akayafungia sandukuni. Wala si lazima awe mwongo. Hata mwaminifu hujidanganya, kwa kuwa jicho hupenda kuona linachotamani.

Mwaka 2015, kundi la watafiti lililoongozwa na Brian Nosek wa Marekani lilitangaza kwamba limerudia tafiti 100 za saikolojia zilizokwisha kuchapishwa. Zilizotoa tena matokeo ya kuaminika zilikuwa kama asilimia 36 tu. Wengine waliita fedheha. Mimi naita ushujaa, maana wanasaikolojia walijichunguza wenyewe.

Sasa njooni Kenya, eneo la Rarieda, kando ya Ziwa Victoria. Shirika la GiveDirectly lilizitumia kaya maskini fedha kwa simu, bila masharti. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walitaka kujua kama fedha hizo zitatuliza mioyo. Kabla ya kuchambua majibu, waliandika watachambua nini na kwa njia gani. Waliwauliza watu hali zao, wakapima na mate yao, kwani ndani yake hupatikana kotisoli, kemikali inayopanda mtu akiwa na msongo. Waliopata fedha walisema wana furaha zaidi. Na mate? Kwa wastani hayakuonyesha tofauti yoyote! Nalo hilo wakaliandika kwenye makala yao ya mwaka 2016, ingawa wangeweza kulinyamazia.

Uwazi huo ni wa kazi, si wa majina: siri za waliohojiwa hubaki siri.

Basi mtafiti akija kijijini na karatasi zake, mkaribisheni, mpeni na dafu. Kisha muulizeni: uliandika nini kabla ya kuja kwetu, na matokeo tutayaona wapi?