Kisu kilivunjika, nusura na biashara ivunjike

Leo nawapa kosa lililonitoa hela, ili wewe usilirudie.

Niko Kilosa, nauza visu na mapanga mtandaoni. Mzigo nachukua kwa mhunzi mmoja wa Mikumi. Pale barabara kuu ya Dar–Mbeya malori hayakauki, hivyo springi zilizovunjika hazikosekani, na chuma chake kinashika makali. Nikawa naandika, “Chuma cha springi, kigumu balaa!” Oda zikaja.

Siku moja mwenye bucha wa Dodoma akanitumia picha: kisu kimekatika ncha wiki ya kwanza. Nikamrudishia 15,000 yake. Kabla sijapoa, mwingine akalalamika cha kwake kinapinda kama bati. Chuma kilekile, fundi yuleyule! Nikafunga duka, nikapanda gari kwenda Mikumi.

Mzee akanikalisha karibu na mvukuto. “Springi ni unga tu, mwanangu. Kuiva ni kazi ya moto.”

Akanionyesha. Kisu kinapashwa hadi kiwe chekundu na sumaku ya spika mbovu isikishike tena, kama nyuzi 770 za sentigredi. Anakiongezea moto kidogo, kisha anakichovya kwenye oili ya uvuguvugu. Maji ya baridi yanaweza kukipasua. Hapo kinakuwa kigumu sana, ila ukikiangusha kinaweza kuvunjika kama chupa. Kwa hiyo anakisugua king'ae, anakipasha tena taratibu mpaka kipate rangi ya majani makavu, kama nyuzi 220. Panga analifikisha kwenye bluu, karibu 300. Linapungua ugumu, lakini linahimili kupigwa kwenye magogo.

Kumbe tatizo nilikuwa mimi. “Mzee, nataka ishirini kesho!” Kwa haraka hiyo, vingine havikuiva, vingine havikurudishwa motoni.

Sasa nafanya hivi:

1. Kabla ya kupiga picha napitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, kisu bado kigumu mno. Ikila kirahisi, ni laini. Inatakiwa ing'ate kwa shida.

2. Namuuliza mteja: cha jikoni, cha bucha au cha shamba? Fundi anapika kulingana na kazi.

3. Kwenye tangazo naandika “oda siku tano”. Wanaokimbia ni wachache kuliko wanaorudisha mzigo.

Yule wa bucha nilimtumia kingine bure. Juzi kaulizia bei ya panga.