Mbweha wa Barabarani: Tumtambueje Kipupwe Kinapokwisha?



Kila mwaka baridi ya Songea inapoanza kulegea, mwishoni mwa Julai na kuingia Agosti, maneno huwa yale yale darasani. Mmoja ameona mbwa mwitu kando ya lami. Mwingine anaapa kuwa alikuwa fisi mdogo. Wa tatu anawacheka wote wawili, anasema ni mbwa tu wa mtu. Ukiwauliza vizuri rangi, mkia na mwendo wa mnyama huyo, mara nyingi utakuta ni mbweha. Tumeona mwaka huu tuandike habari zake kwa urefu kidogo, kwani wengi wetu tunatembea kwa miguu kando ya barabara kuu saa zile zile anazotembea yeye: giza la alfajiri, na jioni baada ya Magharibi.

Mbweha wa kwetu kusini, katika nchi hii ya miombo, anaitwa mbweha miraba. Jamaa zake wenye mgongo mweusi tunawasikia zaidi huko Serengeti na Ngorongoro. Huyu wetu ni wa rangi ya kijivu iliyochanganyika na hudhurungi, ana mstari mweupe ubavuni wenye kivuli cheusi chini yake, na uzito wake ni kilo 7 hadi 12 hivi, yaani kama mbwa koko wa wastani. Mstari ule wakati mwingine hauonekani, hasa usiku. Alama ya kushika ni ncha ya mkia: ni nyeupe. Taa ya gari ikimmulika akiwa anakimbia, utaona kitu cheupe kinarukaruka nyuma yake hadi kinapotelea majanini.

Hata hivyo ncha nyeupe peke yake haitoshi, maana mbwa mwitu naye anayo. Tofauti ni kwamba mbwa mwitu ana mabaka meusi, meupe na ya manjano mwili mzima, masikio makubwa ya duara, na hutembea kwa makundi. Mbweha utamwona peke yake au wawili, dume na jike, ambao huishi pamoja miaka mingi. Fisi mgongo wake unateremka kuelekea nyuma. Fungo, ambaye naye hupenda barabara usiku, ana madoa na kitu kama kitambaa cheusi usoni. Na sauti pia husaidia: mbweha wetu hatoi mlio mrefu wa kulia kama wale wa kaskazini, bali hutoa mlio mfupi unaofanana na wa bundi, na bila shaka bundi wengi wamesingiziwa kwa ajili yake.

Kwa nini basi aonekane zaidi wakati huu? Hatudhani kwamba mbweha wanaongezeka ghafla. Kinachopungua ni maficho. Wakati wa masika nyasi za pembeni mwa barabara humzidi mtu mzima kimo, lakini ikifika Agosti zimekauka, na nyingi zimechomwa moto. Mnyama ambaye Aprili angepita hatua kumi kutoka kwako usimwone, sasa anavuka jivu tupu. Halafu kuna chakula. Mahindi yamevunwa, mengine yameanikwa karibu na barabara, mengine yamedondoka kwenye malori, na palipo na mahindi pana panya. Mbweha hula panya, panzi, kumbikumbi, matunda ya porini, ndege, na mizoga. Gari likigonga sungura au paka usiku, yeye ndiye mfagizi wa kwanza kufika, na wengi wao hugongwa hapo hapo wakiwa wanafagia.

Sehemu nzuri ya kumwona ni barabara ya kwenda Tunduru. Kutoka Namtumbo hadi Tunduru ni kilomita karibu 190, ukipita Kilimasera na Matemanga, na barabara hiyo inakata ushoroba wa Selous–Niassa, ambao wanyama huupita kati ya Pori la Akiba la Selous na Niassa kule Msumbiji. (Eneo kubwa la Selous lilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019.) Zamani, barabara ikiwa ya vumbi, magari yalikwenda polepole na wanyama walikuwa na nafasi ya kukwepa. Sasa ni lami. Abiria akae upande wa dirisha, atazame pembezoni na si mbele, na dereva aachwe aendeshe.

Wanafunzi wa Kiarabu watapenda kujua kwamba mbweha huitwa ibn aawaa, na kwamba Kalila na Dimna, wale wawili waliokipa jina kitabu mashuhuri alichokitia katika Kiarabu Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8 Miladia, walikuwa mbweha. Dimna alikuwa mfitini wa kupindukia. Mbweha wa Namtumbo, kwa kadiri tunavyomjua, hana fitina na mtu. Akikuona anakimbia.

Na hapa ndipo penye jambo tunaloomba kila mzazi alisome mara mbili. Mbweha mzima wa afya anamwogopa binadamu. Mbweha anayekuja karibu nawe, anayeingia uani mchana, anayepepesuka, anayetokwa udenda, au anayeng'ata mbwa, mbuzi, hata gogo, huyo hajazoea watu wala hajawa mpole. Mhesabu kuwa ana kichaa cha mbwa, uondoke.

Hatusemi hivyo kwa kutisha. Majirani zetu wa Lindi na Mtwara walifuatiliwa na watafiti kuanzia Januari 2011 hadi Julai 2019. Watu 688 waliumwa au kuguswa na wanyama waliodhaniwa kuwa na kichaa. Kati yao 389 ilitokana na mbwa, lakini 262 ilitokana na mbweha. Waliofariki walikuwa 47. Mtwara inapakana na Tunduru, na mbweha hajui mpaka wa mkoa.

Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kabla ya dalili, ambazo mara nyingi huchukua wiki kadhaa hadi miezi mitatu, unazuilika kabisa. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa, hata kidogo, kidonda kioshwe hapo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Kisha aende hospitali siku ile ile, achomwe sindano za chanjo, na azimalize zote alizopangiwa hata kama kidonda kimepona. Mtoto asifiche kwa kuogopa kuchapwa, na mzazi asimchape.

Tunaongeza neno kwa sababu tumeona linachanganywa. Tumesoma katika fiqhi kuosha mara saba, moja kwa udongo, chombo kilicholambwa na mbwa. Hiyo ni hukumu ya tohara. Haikuwekwa iwe dawa ya kidonda, na udongo ndani ya kidonda huleta maradhi mengine, pepopunda mojawapo. Kidonda ni sabuni, maji na sindano.

Vile vile mbweha aliyegongwa barabarani asishikwe kwa mikono mitupu, wala asichunwe ngozi au kukatwa mkia kwa ajili ya dawa. Na kuweka sumu porini hatukuungi mkono: itaua tai na mbwa wa jirani, na panya watabaki wakila mahindi.

Kinachofaa ni mbwa wetu wenyewe. Dini imeruhusu mbwa wa kulinda shamba na mifugo, na wengi huku tunao. Kule Lindi na Mtwara, mbwa walipokuwa wakichanjwa kwa wingi, wagonjwa walipungua kwa watu na kwa wanyama pia. Uchanjaji uliposimama, kichaa kilianza kupanda tena katika wilaya mojawapo ya upande wa kaskazini. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na baadhi ya halmashauri huitumia kuchanja. Muulizeni ofisa mifugo wa kata mapema. Siku ikifika, mbwa apelekwe amefungwa kamba na mtu mzima anayemjua, si mtoto, na kadi ya chanjo ihifadhiwe pamoja na kadi za kliniki za watoto, mahali ambapo haitapotea.