Kiongozi Anayeambilika

Mwaka 1996 hospitali ya Good Hope, iliyoko Sutton Coldfield na inayohudumia wakazi wengi wa Erdington, kaskazini mwa jiji la Birmingham, Uingereza, ilimsimamisha kazi daktari wa upasuaji aitwaye Ian Paterson baada ya mgonjwa kuwekwa hatarini mikononi mwake. Mwaka 1998 akaajiriwa na shirika la hospitali lililokuja kuitwa Heart of England, katika eneo hilohilo. Ilipofika 2003, madaktari wenzake walikuwa wameshaeleza wasiwasi wao juu ya namna alivyokuwa akiwapasua wanawake wenye saratani ya matiti. Mwaka 2007 wasiwasi ukaelezwa tena. Paterson aliendelea kupasua hadi 2011. Mwaka 2017 mahakama ilimtia hatiani kwa kuwajeruhi wagonjwa kwa makusudi, na kifungo chake kikaongezwa hadi miaka 20.

Uchunguzi ulioongozwa na Sir Ian Kennedy, uliotoka mwaka 2013, na ule wa Askofu Graham James, uliochapishwa Februari 2020, ulifichua jambo linaloumiza kuliko yote: habari zilikuwepo. Waliojua walikuwepo, na baadhi yao walisema. Walichokosa ni uongozi unaoambilika. Maneno yao yaligeuka barua, barua zikageuka vikao, na wanawake wakaendelea kupelekwa kwenye chumba cha upasuaji.

Kuambilika kwa kiongozi huchukuliwa na wengi kuwa jambo la tabia tu. Huyu bosi mcheshi, yule mkali, basi. Utafiti wa zaidi ya nusu karne unaonyesha kwamba ni zaidi ya hapo. Ndiyo njia inayopitisha habari mbaya kutoka kwa anayeiona hadi kwa mwenye uwezo wa kuirekebisha. Njia hiyo ikiziba, taasisi yenye wataalamu bora kabisa hufanya kazi kama isiyojua kitu.

Simu ya daktari asiyejulikana

Mwaka 1966 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Charles Hofling, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya jaribio lililowashtua wengi. Manesi 22 waliokuwa zamu katika wodi walipigiwa simu, kila mmoja kwa wakati wake, na mtu aliyejitambulisha kuwa daktari wasiyemfahamu. Aliwaagiza wampe mgonjwa miligramu 20 za dawa iliyoitwa Astroten. Lebo ya chupa ilisema wazi kwamba kiwango cha juu kwa siku ni miligramu 10. Dawa yenyewe haikuwa kwenye orodha iliyoidhinishwa, na kanuni za hospitali zilikataza kutoa dawa kwa agizo la simu. Manesi 21 kati ya 22 walikwenda kuitoa. Walizuiwa njiani na watafiti, na dawa ile haikuwa na madhara yoyote.

Mwaka 1977 watafiti Steven Rank na Cardell Jacobson walirudia jaribio hilo kwa kubadilisha mambo mawili makubwa. Dawa ilikuwa ile ambayo manesi waliifahamu, na walikuwa na nafasi ya kuzungumza na wenzao kabla ya kutenda. Safari hii, kati ya manesi 18, wawili tu ndio waliokuwa tayari kuitoa. Mtu mwenye ujuzi na mwenzake wa kumuuliza hupata nguvu ya kusimama mbele ya mamlaka. Akibaki peke yake, hata kanuni iliyoandikwa ukutani haimsaidii.

Mwanasaikolojia Solomon Asch alikuwa ameshaona jambo hilo katika miaka ya 1950. Aliwaomba watu walinganishe urefu wa mistari, huku wengine waliomo chumbani, waliopangwa naye, wakitoa jibu la uongo kwa pamoja. Katika takriban theluthi ya majibu yao, washiriki walifuata uongo waliokuwa wakiuona kwa macho. Asch alipoweka mtu mmoja tu wa kusema kweli kando ya mshiriki, majibu ya kufuata mkumbo yalishuka hadi robo ya yale ya awali. Sauti moja ilitosha kuwapa wengine ruhusa.

Timu bora zilizoripoti makosa mengi

Mapema katika miaka ya 1990, Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali mbili za Marekani. Alitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri na ushirikiano zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: timu hizo ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu.

Alipochimba zaidi, maelezo yakapatikana. Katika wodi zenye viongozi wanaoambilika, manesi walisema wazi walipokosea, wakajadili kilichotokea na kutafuta namna ya kuzuia kosa lisirudi. Katika wodi za viongozi wakali, makosa yalifichwa. Daftari safi lilikuwa dalili ya hofu.

Mwaka 1999 Edmondson alichapisha utafiti wa timu 51 za kampuni moja ya viwandani na kueleza dhana ya usalama wa kisaikolojia: imani ya wanatimu kwamba mtu hataaibishwa wala kuadhibiwa kwa kuuliza, kukiri kosa au kutoa wazo lake. Timu zenye imani hiyo zilijifunza zaidi na kufanya kazi vizuri zaidi. Mwaka 2006 yeye na Ingrid Nembhard walitazama vitengo 23 vya watoto wachanga mahututi. Kwa jumla, madaktari walijiona salama zaidi kusema kuliko watumishi wa ngazi za chini. Pale ambapo daktari kiongozi aliwaalika wengine watoe maoni na kuyathamini kwa vitendo, pengo hilo lilipungua. Tabia ya mtu mmoja wa juu ilibadilisha kiasi cha ujuzi ambacho kitengo kizima kiliweza kukitumia.

Somo kutoka Ifakara

Ushahidi mwingine mzito umetoka karibu na nyumbani, Afrika Mashariki. Kati ya 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji yenye vipengele 19 katika hospitali nane za miji minane duniani. London ilikuwemo, na Ifakara, Tanzania, ilikuwemo pia kupitia hospitali ya Mtakatifu Francis. Orodha ilidai mambo mepesi kama kuthibitisha jina la mgonjwa, kuhesabu vitambaa na sindano, na kuhakikisha dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa kwa wakati. Pia ilimtaka kila aliyemo chumbani ataje jina na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Kutaja jina kunaonekana ni adabu tu, lakini kuna kazi kubwa ndani yake. Nesi aliyekwisha kusikika mara moja chumbani humwia rahisi kusikika mara ya pili, anapoona kitu hakiko sawa.

Hata hivyo, karatasi peke yake haiponyi. Mwaka 2014 watafiti wa Ontario, Kanada, walichapisha matokeo ya hospitali 101 zilizotakiwa kutumia orodha kama hiyo. Hawakuona upungufu wa maana wa vifo. Wachambuzi wengi waliuelezea mkanganyiko huo kwa namna orodha ilivyopokelewa. Penye watu wanaozungumza, orodha huwa mazungumzo. Penye woga, hubaki visanduku vya kuwekewa alama.

Kiwanda cha Spitfire

Erdington, tulikoanzia, ina historia ya kiwanda inayofundisha jambo hilohilo. Ukingoni mwake, kando ya barabara ya Chester Road, kilijengwa kuanzia 1938 kiwanda cha Castle Bromwich cha kuunda ndege za kivita za Spitfire, chini ya Lord Nuffield, tajiri wa magari ya Morris. Ilipofika Mei 1940, vita vikiwa vimepamba moto, kiwanda hicho kikubwa kilikuwa hakijatoa hata ndege moja iliyokamilika. Waziri mpya wa uundaji ndege, Lord Beaverbrook, alikikabidhi kwa kampuni ya Vickers-Armstrongs, iliyokuwa na uzoefu wa ndege hiyo. Juni 1940 zikatoka Spitfire 10, na hadi vita vinamalizika zilikuwa zimetoka takriban 12,000.

Mabadiliko hayo yalikuwa na sababu nyingi. Mojawapo ya nguzo za kazi ile ilikuwa urubani wa majaribio. Kila ndege ilirushwa kabla ya kukabidhiwa jeshini, na rubani mkuu wa majaribio, Alex Henshaw, alirusha mwenyewe zaidi ya Spitfire 2,000. Kazi yake ilikuwa kutafuta kasoro na kuzisema. Hakuna aliyeona ripoti yake kuwa utovu wa nidhamu, kwa sababu kusema kasoro kulikuwa ndiyo kazi. Kuanzia 1942 viwanda vya uhandisi vya Uingereza vilianzisha pia kamati za pamoja za uzalishaji, ambamo wawakilishi wa wafanyakazi na mameneja walikaa meza moja kujadili vikwazo vya kazi. Kufikia mwisho wa 1943 kulikuwa na kamati zaidi ya 4,000. Taifa lililokuwa hatarini lilitambua kwamba fundi wa mashine anaona mambo ambayo mkurugenzi hayaoni.

Mlango wazi hautoshi

Wakubwa wengi husema, "Mlango wangu uko wazi, njooni." Mwaka 2003 Frances Milliken na wenzake waliwahoji wafanyakazi 40 wa Marekani. Asilimia 85 walisema waliwahi kuwa na jambo muhimu wakashindwa kumwambia mkubwa wao. Mwaka 2011 James Detert na Edmondson walionyesha kwamba watu huja kazini na kanuni za kimya walizojifunza zamani: usimkosoe mkubwa mbele za watu, usiseme bila ushahidi kamili, usimpite bosi wako. Kanuni hizo hufanya kazi hata kwa bosi mpole.

Sisi tuliolelewa Afrika Mashariki tunazijua vizuri. Tumefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na malezi hayo yametujengea heshima ambayo ni utajiri. Lakini kazini, mkuu asiyesikia la mdogo huwavunja wengine miguu. Heshima ya kweli kwa mkubwa ni kumwambia mapema asije akaaibika baadaye.

Kwa Waafrika Mashariki wanaofanya kazi katika wodi na nyumba za kulea wazee nchini Uingereza, kuna jambo zito zaidi ya malezi. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi na watumishi wa afya, na Februari 2022 viza ya kazi za afya ilifunguliwa kwa wahudumu wa wazee. Viza hiyo humfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake. Anayepoteza kazi kwa kawaida hupewa siku 60 za kutafuta mwajiri mwingine au kuondoka. Mtu aliyeuza shamba ili asafiri, na mwenye watoto wanaosubiri karo, hawezi kuambiwa tu "kuwa jasiri". Meneja mwenye wafanyakazi wa namna hiyo ana wajibu mkubwa zaidi, na serikali iliyotunga utaratibu huo ina sehemu yake.

Kinachowezekana kesho asubuhi

Michael West, aliyewahi kuongoza shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Aston, jijini Birmingham, alichapisha na wenzake mwaka 2002 utafiti wa hospitali 61 za England. Hospitali zenye tathmini nzuri ya watumishi, mafunzo na kazi ya timu zilikuwa na vifo vichache vya wagonjwa. Baadaye alionyesha kwamba watumishi wengi wa NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, husema wako katika timu, lakini chini ya nusu yao wako katika timu halisi: yenye malengo ya pamoja yaliyo wazi, kazi inayotegemeana, na vikao vya mara kwa mara vya kutazama walivyofanya.

Tafiti hizi zote zinaelekeza kwenye matendo ambayo hayahitaji bajeti. Kiongozi ataje majina ya watu wake na wao wamjue. Aseme mwenyewe kwamba kazi hii ni ngumu na kwamba kuna atakachokikosa. Aulize swali mahususi, kwa mfano, "Katika zamu ya leo, ni kitu gani kinaweza kumdhuru mgonjwa?" Asubiri jibu. Aanze na aliye chini kabla ya mwenye cheo, kwa kuwa mkubwa akishatoa maoni, wengine humfuata. Kosa likiletwa, ashukuru kwanza, kisha achunguze, kisha arudi kueleza alichokifanya. Pasipo hatua hiyo ya mwisho, watu hujifunza kwamba kusema ni kupoteza muda.

Haya hayamaanishi ulegevu. Anayefanya uzembe wa makusudi awajibishwe, na viwango vya kazi vibaki juu. Wahenga walisema mkubwa ni jalala: kila mtu humtupia lake. Asiyetaka kutupiwa asiombe ukubwa.

Msomaji mwenye watu chini yake, iwe wodi, karakana, duka au darasa, atafute leo mtu mdogo kuliko wote katika timu yake, amwulize ni jambo gani haliendi sawa, na amsikilize hadi mwisho. Wagonjwa wa Paterson walihitaji mkubwa mmoja wa namna hiyo, na hawakumpata kwa wakati.